Shahidi wa Mchana, Mwanafunzi wa Jioni: Uhakiki wa Mhadhara wa Historia na Utamaduni kwa Watu Wazima

1. Utangulizi

Mhadhara wa jioni kwa watu wazima umezoea kuchunguzwa na wataalamu wa elimu, ambao huupima kwa idadi ya waliohudhuria, gharama iliyotumika na mitihani iliyofanywa. Wahakiki wa lugha na fasihi wamewaachia wenzao hao bila ugomvi, kana kwamba jambo lenyewe haliwahusu. Hata hivyo, mhadhara huo una kila kiungo ambacho mhakiki wa fasihi simulizi hukitafuta: una fanani na hadhira, una mahali na wakati wake, una maneno ya kufungulia na ya kufungia, na una lugha iliyoteuliwa. Makala haya yanakusudia kuuchunguza kama utanzu, hususa pale unaposhughulikia historia na utamaduni, na kuonyesha kwamba kasoro yake kubwa katika Afrika Mashariki imo katika uhusiano wa fanani na hadhira yake.

Kasoro yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Katika miaka ya 1960 wanahistoria wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki walishikilia, na kwa haki, kwamba historia ya Mwafrika haiwezi kuandikwa kwa hati za wageni peke yake. B. A. Ogot katika historia yake ya Waluo wa kusini, iliyochapishwa mwaka 1967, na I. N. Kimambo katika historia yake ya Wapare, iliyochapishwa mwaka 1969, waliyategemea sana masimulizi ya wazee. Mzee aliyehojiwa mchana akawa shahidi, na neno lake likaingia kitabuni kwa heshima ya ushahidi. Lakini mzee wa namna hiyo hiyo alipokwenda jioni kwenye darasa la watu wazima kusikiliza habari za kwao, alipokewa kama mtu asiyejua kitu. Sayansi ya historia ilikuwa imembadilishia cheo. Mhadhara haukuwa na habari.

2. Asili ya utanzu

Mhadhara wa jioni, kwa sura iliyofika Afrika Mashariki, ulizaliwa Uingereza. Mwaka 1867 James Stuart wa Cambridge alianza kutoa mihadhara katika miji ya kaskazini ya nchi hiyo, na wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa wanawake, ambao milango ya chuo kikuu ilikuwa imefungwa mbele yao. Mwaka 1873 Chuo Kikuu cha Cambridge kiliifanya kazi hiyo kuwa yake rasmi. Kisha mwaka 1903 Albert Mansbridge aliasisi chama cha elimu ya wafanyakazi, na mwaka 1908 R. H. Tawney akaanza kufundisha madarasa ya Rochdale na Longton yaliyokuwa kielelezo kwa mengine yote. Masharti yake yanafaa kukumbukwa: mikutano 24 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 3, na kila mkutano saa 2. Saa ya kwanza ilikuwa ya mwalimu kusema. Saa ya pili ilikuwa ya mjadala, na haikuwa hisani ya mwalimu. Ilikuwa haki ya darasa.

Nguvu ya saa hiyo ya pili ilionekana baadaye. E. P. Thompson alifundisha madarasa ya nje ya Chuo Kikuu cha Leeds kuanzia mwaka 1948 hadi 1965, miongoni mwa wafanyakazi wa Yorkshire. Kitabu chake kikubwa juu ya kuzuka kwa tabaka la wafanyakazi wa Uingereza, kilichotoka mwaka 1963, kiliandikwa katika miaka hiyo, na katika dibaji yake anawataja kwa shukrani wanafunzi wa madarasa yake, ambao alijadiliana nao mambo mengi yaliyomo kitabuni. Yaani historia iliyofundishwa jioni ilirudi kitabuni ikiwa imepitia midomo ya wale iliyowahusu.

Chuo cha Makerere kilianzisha idara ya masomo ya nje mwaka 1953, na katika muongo huo huo kazi yake ikaenea Kenya. Chuo cha elimu ya watu wazima cha Kikuyu kilifunguliwa mwaka 1961, mwaka ule ule ambao Kivukoni ilifunguliwa Dar es Salaam. Wakufunzi wa kazi hiyo walikuwa watu wenye bidii, na wapo viongozi wa siasa na wa vyama vya wafanyakazi waliopata kwao mafunzo ya thamani. Lakini utanzu, kama mche, ulipohamishwa ulibadilika. Saa ya kwanza ilishika mizizi. Saa ya pili ilinyauka ikawa dakika za maswali mwishoni, wakati watu wameshaanza kuangalia njia ya kurudi nyumbani. Sababu moja ilikuwa lugha. Mihadhara hiyo aghalabu ilitolewa kwa Kiingereza, na msikilizaji aliyeweza kuufuata mhadhara kwa lugha hiyo hakuwa na hakika kwamba angeweza kubishana nao. Kuelewa ni nusu ya lugha. Kukanusha ndiyo nusu ngumu.

3. Darsa na paukwa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kabla ya mwaka 1953 jioni za Afrika Mashariki hazikuwa na wahadhiri. Pwani ilikuwa na darsa. Katika utaratibu wake wa kawaida, shekhe husoma sentensi ya kitabu cha Kiarabu, huifasiri na kuieleza kwa Kiswahili, na msikilizaji huketi bila kuulizwa cheti chochote. Huko Lamu, katika Msikiti wa Riyadha, Habib Saleh, aliyefariki katika miaka ya 1930, alikuwa mashuhuri kwa kuwafungulia mlango wa elimu watu ambao jamii ya waungwana iliwadharau, wakiwemo watu wa nasaba ya watumwa. Darsa lilikuwa na mipaka yake: kitabu kilikuwa na mamlaka kuliko msikilizaji, na wanawake hawakuwa na nafasi sawa ndani yake. Lakini lilithibitisha jambo moja ambalo wakuu wa elimu ya kikoloni walilitilia shaka, kwamba maarifa mazito yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa watu wa kawaida, usiku hata usiku, bila ya kupungua uzito.

Mipaka hiyo haikuwapo kwa kiasi hicho katika utanzu wa pili wa jioni, yaani hadithi. Hapa fanani aghalabu alikuwa bibi. Anaposema "Paukwa", haendelei mpaka ajibiwe "Pakawa". Fomula hiyo fupi ni sheria nzima ya utanzu: fanani hana idhini ya kusimulia mpaka hadhira imempa. Mhadhara wa jioni haukuweka sharti lolote la namna hiyo. Mhadhiri alijulishwa kwa hadhira kwa shahada zake, na idhini yake ilitoka kwa chuo kilichomtuma.

Yafaa pia kukumbuka kwamba usimulizi wa historia kwa mgeni mwenye kalamu ni wa zamani kuliko vyuo vikuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mzee wa Pate aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini aliwasimulia Wazungu kadhaa habari za masultani wa Pate. Masimulizi hayo yamo katika kitabu cha C. H. Stigand cha mwaka 1913, na Alice Werner aliyachapisha tena kwa Kiswahili miaka michache baadaye. Jina la mzee limebaki. Wengi waliomfuata hawakubahatika hivyo, na katika vitabu vya baadaye waliitwa tu "watoa habari", kwa jumla, pamoja na tarehe ya mahojiano.

4. Jina la mwanafunzi

Majina huonyesha cheo. Nchini Kenya, mtu mzima anayejifunza kusoma aliitwa ngumbaru, na darasa lake likaitwa darasa la ngumbaru. Neno hilo lilienea mpaka likatumiwa bila nia mbaya, lakini kiini chake ni ujinga wa herufi, na kwa wepesi sana ujinga wa herufi hufanywa kuwa ujinga wa kila jambo. Tanzania ilichagua njia nyingine. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka 1970, aliutangaza mwaka huo kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na maneno yaliyoenea yakawa "elimu ya watu wazima" na "kisomo chenye manufaa". Hapa anayetajwa ni mtu mzima, na utu uzima ni sifa. Mhakiki wa lugha hawezi kuipuuza tofauti hiyo, kwani jina la mwanafunzi huamua kiti atakachokalia.

Neno "mapokeo", ambalo wanahistoria wamelichagua kwa masimulizi yaliyorithiwa, linafundisha somo lile lile. Limetokana na kupokea, na anayepokea sharti ampate anayetoa. Kumwita mzee mwenye mapokeo na wakati huo huo kumwita ngumbaru ni kuyakataa maneno mawili kwa pamoja.

5. Redio

Tanzania ilijaribu kuupanua utanzu huu kwa redio na vikundi. Mwaka 1971, taifa lilipokuwa likiadhimisha miaka 10 ya uhuru, kampeni iliyoitwa Wakati wa Furaha iliwakusanya maelfu ya watu katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu kilichotayarishwa, kisha kikajadiliana chini ya kiongozi aliyefunzwa kazi hiyo. Mada ilikuwa historia na maendeleo ya nchi. Lugha ilikuwa Kiswahili, na saa ya pili ya Tawney ilikuwa imerudi mahali pake.

Mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wapatao milioni 2. Mafanikio yake yanajulikana: vyoo vilichimbwa, maji yakachemshwa, mazalio ya mbu yakaondolewa. Kampeni hizo mbili zikilinganishwa, tofauti ya maarifa yenyewe inadhihirika. Katika habari za choo na malaria, mtaalamu anajua jambo ambalo mwanakijiji anahitaji kuambiwa, na sauti ya upande mmoja inatosha, mradi ieleweke na kutekelezwa. Historia haiko hivyo. Mwaka 1971 katika vikundi hivyo walikuwamo watu waliokuwa hai wakati wa uhuru, na yamkini wengine walikuwa na wazazi walioviona Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Redio kwa maumbile yake husema wala haisikii. Mjadala wa kikundi ungeweza kuwa mkali na wenye maarifa, lakini mwisho wake ulikuwa pale pale chini ya mwembe, kwa sababu maandishi yalikuwa yamekwisha pigwa chapa kabla mjadala haujaanza. Pamoja na ubora wake, utanzu ulikuwa umempa msikilizaji haki ya kusema bila ya kumpa haki ya kusikiwa.

6. Mfano wa Washirazi

Hasara ya kutomsikia msikilizaji si ya adabu tu. Ni ya elimu yenyewe. Mfano ulio bora ni mada ya asili ya Waswahili, ambayo hapana mhadhara wa utamaduni wa pwani unaoweza kuikwepa.

Wazee wengi wa pwani walisimulia kwamba wahenga wao walitoka Shirazi. Waandishi wa zama za ukoloni waliyachukua masimulizi hayo na kuyafanya ushahidi kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni. Wataalamu wa miaka ya 1970 na 1980 waliukataa uzushi huo, na walikuwa na hoja nzito. Ulinganishi wa lugha, kama ulivyoelezwa na Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, ulionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kingazija. Uchimbuaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, ulionyesha mji ukikua hatua kwa hatua kutoka majengo ya miti na udongo hadi ya mawe. Kwa hiyo masimulizi ya Ushirazi yakafasiriwa kama ishara ya heshima na siasa, wala si kumbukumbu ya safari. Mhadhiri aliyesimama mbele ya wazee na kuwaeleza hayo alikuwa na haki ya kutosha.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na bara yake, wengi wao kati ya miaka ya 1250 na 1800. Ilionekana kwamba takriban mwaka 1000 watu wa asili ya Kiafrika na watu wa asili ya Kiajemi walianza kuchanganyika. Kwamba urithi wa Kiajemi uliingia hasa kwa upande wa wanaume. Na kwamba urithi wa Kiafrika, ambao kwa wengi ulizidi nusu, ulitoka kwa sehemu kubwa upande wa wanawake. Mengi ya makaburi hayo yalikuwa ya watu wenye hadhi, na haifai matokeo yake kutandazwa juu ya kila Mswahili. Hata hivyo, maana yake ni wazi. Mzee aliyesema "babu zetu walitoka Shirazi" alikuwa ameshika ukweli ambao mhadhiri aliuita ngano. Mhadhiri aliyesema "lugha hii na miji hii ni ya Kiafrika" alikuwa ameshika ukweli ambao mzee aliusahau, yaani bibi zake, ambao lugha yao ndiyo iliyobaki vinywani mwa watoto wote.

Nusu hizo mbili zilikuwa katika chumba kimoja. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuzikutanisha. Mhadhiri angemuuliza mzee kwa nini masimulizi huwataja wanaume waliopanda vyombo na kuwanyamazia wanawake waliowapokea, labda mjadala ungefika mbali kabla ya maabara kuleta jibu lake. Mfano huu unaonyesha pia kwamba kumsikiliza mzee hakuna maana ya kumkubalia kila neno. Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee naye ana nasaba ya kulinda na jirani wa kushindana naye. Kumpinga kwa hoja ni kumheshimu zaidi kuliko kumwacha aseme kisha kutikisa kichwa.

7. Kamirithu

Limuru, nchini Kenya, utanzu huu uligeuzwa kutoka ndani. Katika kituo cha elimu na utamaduni cha Kamirithu, madarasa ya kusoma na kuandika yalianza mwaka 1976, na kutokana nayo ikazuka kazi ya tamthilia. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, na wanakijiji wakaisoma na kuikosoa. Kwa maelezo ya Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, wafanyakazi wa viwandani walirekebisha habari za kazi na mishahara, wazee walirekebisha habari za vita vya ukombozi, na mwanamke asiyejua kusoma ndiye aliyewapatia waandishi mpangilio wa nyimbo za gĩtiiro. Hapa shahidi na mwanafunzi walikuwa mtu mmoja, na hapana aliyemtaka achague.

Tamthilia ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Katikati ya Novemba kibali kiliondolewa, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila ya kushtakiwa, akakaa humo hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa. Serikali iliyovumilia mihadhara mingi ya jioni kwa miaka mingi haikuweza kuvumilia darasa hilo moja. Katika hilo mna hukumu ya kihakiki isiyokusudiwa: mhadhara wa kawaida haukumtisha mtu, kwa sababu haukumhamisha mtu kutoka kiti chake. Inafaa kuongeza kwamba Kamirithu nayo ilikuwa na upungufu. Ilikuwa imefungamana na lugha moja na mahali pamoja, na mfano wake haungeweza kunakiliwa kwa amri ya wizara.

8. Saa, lugha na jina

Kutokana na mifano hiyo, mambo matatu yanawapasa wale wanaotayarisha mihadhara ya aina hii.

La kwanza ni saa. Jioni ni wakati wa mapumziko kwa mwanamume atokaye kazini. Kwa mwanamke wengi huwa ni wakati wa jiko na watoto. Utanzu ulioanza mwaka 1867 kwa ajili ya wanawake umekuwa, kwa kuchagua saa bila ya kufikiri, utanzu wa wanaume. Na kwa kuwa nyimbo za unyago, tenzi za mawaidha na hadithi ziko zaidi mikononi mwa wanawake, mhadhara wa utamaduni unaowakosa unazungumzia mali pasipo wenyewe.

La pili ni lugha. Haitoshi kuuhamisha mhadhara kutoka Kiingereza hadi Kiswahili sanifu ikiwa msamiati wa hadhira unabaki mlangoni. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, Lamu, aliyefariki mwaka 2017, ni ushahidi wa kinyume chake. Hakupitia chuo kikuu kama mwanafunzi, lakini vizazi vya wanavyuo, wa ndani na wa nje, vilijifunza kwake. Utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, umehifadhi majina ya viungo vya chombo cha Lamu ambayo fundi wa chombo alikuwa nayo na kamusi haikuwa nayo. Neno "runinga", analosifiwa kuwa mbunifu wake, linasemwa leo na watu wasiomjua. Fundi wa namna hiyo akiketi katika mhadhara na asiulizwe jina la ubao mmoja, hasara ni ya kamusi.

La tatu ni jina. Neno lililosemwa na msikilizaji katika mjadala liandikwe pamoja na jina la msemaji, kwa ridhaa yake. Nakala irudishwe kwake. Na likitumiwa katika makala au kitabu, mwenyewe atajwe kama atajwavyo mwandishi mwingine yeyote. Bwana Kitini alipata haki hiyo kwa sehemu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hapana sababu ya wasimulizi wa leo kupata pungufu.

9. Hitimisho

Mhadhara wa jioni hauna haja ya kutupwa. Mhadhiri analeta vitu ambavyo mzee hana: hati za nyaraka, ulinganishi wa lugha, tarehe, na habari za mahali pengine. Kinachotakiwa ni kuirudisha saa ya pili, kwa lugha ambayo hadhira inaweza kukanusha kwayo, na kuifungulia njia ya kufika maandishini. Kazi hiyo ni ya idara za lugha za Kiafrika kama ilivyo ya idara za elimu ya watu wazima, kwa kuwa inahusu istilahi, lahaja, unukuzi na uhakiki wa masimulizi, ambazo ndizo kazi zao za kila siku. Kipimo chake nacho ni rahisi: mhadhiri achukue daftari yake baada ya mfululizo wa mihadhara, na aangalie kama kuna jambo lolote katika maandishi ya mhadhara wake alilolibadilisha kwa sababu ya neno la msikilizaji.